Shati la Maua Mlima Elgon

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Nsambya hadi Bugolobi, humuhumu Kampala, na nikirudi nilijilaza kama mtu aliyetoka Hija. Basi shemeji yangu, karani wa kahawa aliyemwoa dada, alipokuja na Landrova tukamchukue mkewe mlimani ajifungulie Kampala, kwa kuwa mimba mbili zilikwisha kumharibikia kule, swali langu la kwanza lilikuwa: petroli kaipata wapi? Miaka ile ya utawala wa jeshi, mwenye tangi lililojaa ulimwamkia kwa adabu, ukanyamaza. Kila kizuizi askari walitupungia tu tupite. Nikazidi kumshuku kuwa ni mtu wao.

Kupanda nilifumba macho. Kushuka sikuweza, maana dada alikuwa amelala nyuma kwenye godoro na uchungu ulimwanza hatujafika hata nusu ya mlima. Njia ilikuwa tope tupu, kushoto korongo. Kwenye kona moja gurudumu la nyuma likateleza upande huohuo wa korongo, likazama.

Juu ya njia watu walikuwa wakipalilia kahawa. Nikashuka, nikaita kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Jamani, tunaomba mtusukume kidogo."

Mara shamba likabaki na majembe tu.

"Ahsante, afande," shemeji akasema, usukani mkononi.

"Afande nani?"

"Kiswahili kilichonyooka, lugha ya askari huku, miwani myeusi, shati la maua. Wale wanaokuja kuchukua watu huvaa vipi? Kwenye vizuizi walikuwa wanakuangalia wewe, bwana. Hata mimi tangu Kampala nachunga mdomo."

Dada akaguna kutoka nyuma. "Kaka, vua hilo shati, au nizalie hapa."

Nikavua, na miwani pia. Nikasimama kwenye baridi ile na fulana yenye matundu. Shemeji akaita kwa lugha ya mlimani. Bibi mmoja akachungulia, akanitazama juu hadi chini, akasema neno. Vicheko vikatoka migombani.

"Anasemaje?"

"Serikali haiwezi kuajiri kifua hicho."

Wakaja, wakatandika matawi chini ya gurudumu, wakasukuma hadi tukatoka. Mmoja tu hakusukuma. Alisimama nyuma akisoma namba ya gari polepole, midomo ikicheza kama mtu anayeikariri aipeleke mahali. Shemeji alimwona kwenye kioo. Mpaka Mbale alikuwa akikitazama kioo hicho.

Mtoto alizaliwa hospitali ya Nsambya alfajiri, msichana, mwenye sauti. Dada akatuambia tufurahi. Tulifurahi kwa zamu: mmoja kitandani kwake, mwingine dirishani, akitazama gari gani limesimama nje.