Kitabu Kiko kwa Mteja

Jumamosi nilikuwa saluni mtaani Mbotela nikingoja zamu. Msusi anajiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya sheria, na kwa kuwa mikono yake haitoki kwenye nywele, anayesukwa ndiye humshikia kitabu.

Kitini alikuwa mama muuza mboga, miwani puani, akimsomea maswali. "Mpangaji anaweza kufukuzwa bila notisi?"

"Hawezi, mathe."

"Kwa nini?"

Msusi akatoa sababu tatu, vidole havikusimama hata kidogo. Mama akafungua majibu nyuma ya kitabu, akakagua moja moja.

"Umepata zote. Sasa rudia ya pili polepole, hiyo ndiyo nitamwambia landilodi wangu."

Mtihani ni mwezi ujao. Mimi nimeshaona wakili, na mteja wake wa kwanza ametoka amesukwa vizuri.