Chumvi, Magunia na Turubai

Kwa miezi miwili baada ya Marguerite Mukandayisenga kuondoka, robo saa ya kwanza kuanzia saa moja asubuhi haikuguswa na mtu. Ilikuwa zamu ya kituo cha Kamembe, alikokuwa mwendeshaji, kwenye foni, ile redio ya kusema na kupokea waliyoitumia wafanyabiashara wa ziwani mwaka 1983. Watu wa vituo vya Nkombo na Bukavu walisikiliza mvumo mtupu, kisha Nkombo wakaanza zamu yao.

Masafa yalikuwa mamoja kwa wote. Aliyebonyeza kitufe alisikika kwa kila aliyefikiwa na mawimbi, na wawili wakibonyeza pamoja, sauti zao ziligeuka mlio wa birika linalochemka. Kwa hiyo mwendeshaji alifundishwa jambo moja kabla ya yote: sikiliza kwanza, hakikisha hakuna anayesema, ndipo useme.

Mzee Mulume, mwenye kituo cha Kamembe, alimwajiri Marguerite kutangaza mizigo. Maneno ya nyumbani yalikatazwa. Lakini Birindwa, mwendeshaji wa Bukavu, alikuwa amemposa, na familia yake ilitarajiwa kuvuka mpaka mwezi wa Julai kuleta mahari. Kwa ajili yake Marguerite alikuwa amemkataa mwalimu mmoja wa Nkanka. Alimtungia lugha inayofanana na orodha ya mizigo. Chumvi ilimaanisha nimekukumbuka. Magunia yalikuwa siku za kungoja. Turubai lilikuwa nyumba yao. Mwaka mzima walipendana hivyo, watu wa vituo vyote wakisikiliza na wasijue lolote.

Asubuhi moja mwishoni mwa Juni aliwahi kazini. Akawasha foni mapema kuliko kawaida, akasikiliza kama alivyofundishwa. Birindwa alikuwa hewani.

"Chumvi iko mingi huku. Magunia inabakia ine tu, kisha turubai."

Alifurahi. Alidhani anaitwa yeye, na kidole kilishafika kwenye kitufe. Ila desturi ni kumngoja mwenzako amalize.

"Nakupa nafasi, Bernadette."

Bernadette alikuwa mwendeshaji wa Uvira. Milima iliizuia sauti yake isifike Kamembe, kwa hiyo jibu Marguerite hakulisikia. Alisikia kimya kirefu, kisha Birindwa akilicheka jibu hilo, taratibu, kama alivyozoea kumcheka yeye.

Saa moja kamili akaita Bukavu. Birindwa alimsalimia kwa uchangamfu, akaanza na chumvi. Marguerite alimwacha amalize.

"Birindwa, chumvi maana yake ni nimekukumbuka. Magunia ni siku. Turubai ni nyumba. Nilitunga mimi, na wewe umempa Bernadette vilevile, hata neno moja haukubadilisha. Sasa kila muntu anajua."

Birindwa akabonyeza kumkatiza, ukatoka mlio tu, lakini maneno yalishapita. Ulipotulia, Harelimana wa Nkombo akasema polepole, "Maman Marguerite, tumekusikia. Pole."

Jioni ileile Mulume alimwachisha kazi kwa kusema mambo ya nyumbani hewani. Sokoni wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakawa wanamuuliza kama chumvi imefika. Birindwa alibaki na kazi yake. Baadaye Marguerite alimwambia dada yake kwamba kosa la kuwa na mwanamke mwingine angeweza kumsamehe Birindwa. Wanaume ndivyo walivyo. Asichoweza kusamehe ni kwamba hakujisumbua hata kutafuta maneno mengine.

Sasa Marguerite ana miaka sitini na minne. Anaishi Nkanka kwa kaka yake, analima maharage na mihogo.