Kabeji za Abdulhalim

Katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale aliishi mwanamke aitwaye Mwanakuu, aliyemdharau mumewe kwa utulivu kabisa. Hakumgombeza wala hakumsengenya. Alimtazama tu, kisha akaendelea na kazi yake. Mume mwenyewe, Abdulhalim, alikuwa karani katika ofisi moja ya wakala wa forodha huko Kilindini. Mtu mpole, mwembamba, kanzu yake safi na maneno yake mengi, na kila mwaka alizuka na jambo jipya. Mwaka mmoja alifuga njiwa, wakamhama wote wakaenda kwa jirani. Mwaka mwingine alijifundisha kutengeneza saa, na saa ya ukutani ambayo Mwanakuu aliachiwa na marehemu babake haikulia tena. Mwana wao wa pekee, Muhdhar, alipopata kazi Tanga alifunga mizigo siku ileile, na mamake hakumlaumu.

Nyumba ilikuwa ya Abdulhalim, lakini ua wa nyuma ulikuwa wa Mwanakuu. Hapo palikuwa na asumini iliyopandwa na mamake, imekwea ukuta mzima, na chini yake mirehani imeshikana. Ardhi yenyewe ilikuwa changarawe na vipande vya matumbawe, na maji ya kisima yalikuwa ya chumvi. Mwanakuu aliinywesha asumini yake maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa, na maji ya kuoshea mchele, na kuizungushia majivu ya jikoni. Arusi ikitokea mtaani, hodi ya kwanza hubishwa kwake, watu wakitaka maua ya kufungia vikuba, vile vishada vya kujipambia.

Mwaka mmoja, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha lakini vitu bado adimu madukani, Abdulhalim alitumwa kupeleka karatasi kwa Mzungu wa ofisi yao, nyumbani kwake Kizingo. Akawekwa barazani angoje. Alipokuwa akingoja akaiona bustani: nyasi zimekatwa sawasawa, mawaridi, karoti, na kabeji zimekaa safu kama askari wa gwaride. Alirudi nyumbani mtu mwingine.

"Mamake Muhdhar," alisema wakiwa wanakula, "sisi tunaishi kama wafungwa. Mtu aliyestaarabika hula mboga aliyoipanda kwa mkono wake."

"Na asiyestaarabika?"

"Hununua sokoni."

"Basi kula bamia hiyo. Nimeinunua sokoni."

Mwanakuu alidhani yamekwishia hapo. Masika yakiwa karibu kuingia, akaenda Malindi kwenye arusi ya mpwa wake. Aliporudi, kabla hajavua buibui, harufu ya samadi ilimpokea mlangoni. Akapita moja kwa moja hadi uani. Asumini ilikuwa imekatwa shinani na kuburutwa nje. Mirehani haikuwepo. Ua mzima ulikuwa matuta, na kwenye kila tuta kijiti, na kwenye kila kijiti pakiti ya mbegu yenye picha ya mboga. Katikati alisimama Abdulhalim, kichwani amevaa kofia ya jua ya Kizungu aliyoinunua kuukuu Mwembe Tayari, imemwingia hadi masikioni.

"Umekata asumini ya mama," Mwanakuu alisema.

"Ilikuwa inazuia jua, mke wangu. Mboga hutaka jua."

"Haya."

Aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia mpaka machozi yakamwishia. Kisha akanawa uso. Dharau yake, ambayo siku zote ilikuwa mazoea tu, tangu siku hiyo ikawa shughuli.

Masika yakaingia kwa kishindo. Mvua ya kwanza ilizibeba mbegu zote, na samadi ikapita mferejini na kuingia jikoni kwa Tumu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Tumu akaja mbio, ameishika leso yake juu ya magoti.

"Shoga, jikoni kwangu kumekuwa zizi la ng'ombe! Hiyo ni nini?"

"Ni ustaarabu," Mwanakuu alimjibu. "Mwulize Bwana Shamba."

Abdulhalim akaomba radhi, akapanda tena. Safari hii paka wa mtaa wakaona udongo umelainika, wakaufanya choo chao. Akaweka miiba. Miche ilipotoa majani mawili matatu wakaja konokono, wakubwa kama ngumi. Kila alfajiri alitoka na mkebe akawaokota na kuwatupa ng'ambo ya ukuta, kwa Tumu, na kila jioni walirudi. Mwanakuu aliyatazama hayo kutoka dirishani huku akichagua mchele. Alijua kwamba majivu yakizungushwa kwenye mche, konokono havuki. Majivu alikuwa nayo debe zima. Aliyachukua akayamwaga kwenye shimo la taka, mumewe akimwona, na mumewe hakuuliza.

Kabeji zilizosalia zilirefuka kama mipapai, majani yana matundu kama chekeche, na haikufunga kichwa hata moja. Lakini ofisini habari zilikuwa nyingine. Huko Abdulhalim alishasimulia kabeji kubwa kama kichwa cha mtoto. Karani mkuu wao, Latif, Mhindi mzaliwa wa Mombasa mwenye kupenda kula, akasema Jumapili atakuja na mkewe kuziona.

Jumamosi jioni Abdulhalim alitoka na kikapu, akarudi nacho kimefunikwa gunia. Asubuhi yake Mwanakuu akachungulia uani, akamwona amepiga magoti matopeni. Alikuwa akizing'oa kabeji zake na kupanda za sokoni, zile ziletwazo kwa reli kutoka bara. Kila moja aliichimbia kishimo, akaikalisha, akaishindilia udongo kwa vidole taratibu.

Mwanakuu aliweka ungo chini. Miaka yote alidhani amekwisha kumjua mtu huyu mpaka chini kabisa, kumbe palikuwa na chini zaidi.

"Usiseme kitu, tafadhali," Abdulhalim alimwambia bila kuinua uso.

"Niseme nini mimi?"

Wageni wakaja. Shahnaz, mkewe Latif, alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, bangili hadi karibu na kiwiko. Alipoziona zile kabeji akashika mdomo.

"Bhai Abdulhalim! Mimi napanda mpaka kwenye mikebe, hazishiki. Wewe umefanyaje?"

"Samadi, shemeji," alisema Abdulhalim, akiirudisha nyuma kofia yake. "Samadi na subira. Na kuielewa ardhi."

Mwanakuu alikuwa amesimama na sinia la chai na kaimati. Aliposikia hilo la kuielewa ardhi ilimbidi aume mdomo.

"Nipe moja nikapike leo," Shahnaz alisema.

"Hazijakomaa bado, shemeji. Ngoja wiki mbili."

"Wapi! Hii imekomaa kabisa."

Akainama, akaishika kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu za mtu anayetarajia mizizi. Ikatoka kirahisi, naye nusura aanguke chali. Mkononi mwake kabeji ilionyesha kikonyo kilichokatwa kisu, kikavu, kimeshaanza kuwa cheusi.

Latif akaitazama kabeji, kisha akamtazama karani wake. Shahnaz ndiye aliyejitia hajaona. "Oh, nimeikata," alisema polepole, akairudisha shimoni na kuifukia.

Hapo Mwanakuu akacheka. Alicheka mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia, akacheka mpaka ikambidi akae kizingitini. Latif naye akaangua kicheko. Abdulhalim alisimama kati yao, akaivua kofia na kubaki ameishika kifuani.

Wageni walipoondoka akauliza, "Yale majivu uliyoyamwaga. Ungeyaweka kwenye miche, konokono wasingekuja?"

"Wasingekuja."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniuliza kabla ya kukata asumini?"

Kesho yake Mwanakuu aling'oa vijiti vyote. Kabeji alizipika, zikaliwa wiki nzima, mchana na jioni, na kila alipopakua alimsogezea mumewe sahani kubwa. Akaomba vipandikizi vya asumini kwa Tumu, ambaye zamani alipewa tawi la ileile ya mamake, akavipanda mvua zikiwa bado zipo, na vingi vikashika.

Lakini habari zilishafika bandarini kwa mdomo wa Latif, na hata mahamali wakawa wanamwita Abdulhalim Bwana Kabeji. Siku moja Tumu akaja kunywa kahawa.

"Bwana Kabeji hajarudi kazini?" aliuliza.

"Nani?"

"Si yule mumeo."

"Mume wangu ana jina," Mwanakuu alisema. "Wa kumcheka ndani ya nyumba hii ni mimi peke yangu."

Tumu akavuta buibui lake, akaondoka bila kumaliza kikombe, na hawakusemezana mpaka mfunguo mosi, sikukuu ya Idi.

Jioni hiyo Abdulhalim alirudi mwenye furaha, jambo ambalo halikuonekana tangu Jumapili ile. Alikuwa amekutana na mtu mmoja, Jefwa, kutoka Rabai.

"Nyuki, mamake Muhdhar," alisema. "Wala hawana kazi kubwa."

Mwanakuu akamtazama. "Wapi?"

"Juu, darini. Hapatumiwi na mtu pale."

Mwanakuu aliinuka, akapanda ngazi, akaufunga mlango wa darini kwa komeo na kufuli, akateremka akiufundika ufunguo kwenye pindo la leso yake. Kisha akampakulia chakula.