Leso ya Bibi Kwenye Baleti

Ile Jumamosi alasiri bado hunijia, mwanangu, hata nikiwa katikati ya somo la hesabu, na kila ikinijia nacheka kwanza, kisha naona haya. Nakuita mwanangu ingawa wewe uko kidato cha kwanza na mimi niko cha tatu. Nivumilie. Aliyefanya kosa kama langu huzeeka kwa siku moja. Nami nimesikia kuwa muhula ujao darasa lenu litapelekwa kutazama baleti, basi sogea nikwambie yaliyonipata.

Binamu yangu Riziki, ambaye tunaishi naye kwa Bibi huku Mjambere, alikuwa amejiunga na darasa la baleti la kila Jumamosi kule Bombolulu. Bibi alipolisikia jina hilo mara ya kwanza aliuliza, "Baleti au balaa?" Wala hakuwa akitania. Alikuwa ameambiwa na jirani kwamba watoto husimamishwa kwa ncha za vidole mpaka miguu ikapinda, tena wakiwa wamevaa nguo za kubana. Mwalimu wao, dada mmoja kutoka bara aitwaye Nekesa, alikuja nyumbani akaamkia vizuri, akakaa mkekani, akaeleza kuwa Riziki angevaa suruali na mikono mirefu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kahawa na kaimati, ndipo akatoa neno lake.

"Nitakwenda nione kwa mato yangu. Nikitoka huko nitasema kama ataendelea au atakaa nyumbani."

Basi mambo yote yakawa yanangoja alasiri moja, ya onyesho lao. Wiki nzima Riziki alikuwa akiuchezea wali kwenye sahani bila kuula. Aliniomba kitu kimoja tu: nikae karibu na Bibi, nimweleze kinachoendelea. Mimi, mwanangu. Katika watu wote wa Mjambere, kazi hiyo akapewa mimi.

Tulifika mapema kwa tuktuk. Bibi alivaa buibui lake la kutokea, na mapajani aliweka leso yake ya kujitanda, ya maua mekundu, eti feni za ukumbini zisije zikampa mafua. Mlangoni tulipewa karatasi yenye hadithi ya mchezo, kwa sababu kwenye baleti hadithi huandikwa, haisemwi. Herufi zilikuwa ndogo, na Bibi miwani yake alikuwa ameisahau juu ya friji. Akanipa karatasi. "Haya, nisomee."

Karatasi ilisema hivi: kijiji kimekauka, msichana anawagawia wenzake maji yake ya mwisho, anaanguka, anakufa kwa kiu, kisha mvua inakuja na kumwamsha. Nikaitazama karatasi, nikamtazama Bibi, na ulimi ukaniwasha. Nikamwambia ni harusi. Bibi arusi amechelewa saluni, watu wanamtafuta mtaa mzima, na mwisho wake wote wanakula biriani.

Bibi alifurahi. Akasema kumbe ni mambo anayoyajua.

Taa zikapunguzwa, muziki ukaanza, wakatoka. Hapa nisikilize vizuri, maana hakuna aliyeniambia mimi. Hawasemi. Robo saa nzima unangoja mtu afungue mdomo, wapi. Bibi aliniuliza kwa kunong'ona kama spika zimeharibika. Na jambo jingine: ukiwa karibu unasikia viatu vikigonga mbao, tup, tup, na unawasikia wakihema. Mimi nilidhani watu hawa huelea kama unyoya, kumbe ni kazi ya jasho kama kupakua magunia, ila wao wameamua usiione. Riziki, ambaye ndiye aliyekuwa yule msichana wa maji, alipozunguka mara ya kwanza, tasbihi ya Bibi ilisimama vidoleni. Sikuwahi kuiona ikisimama.

Baadaye aliuliza mbona bibi arusi amebeba mtungi. Nikamwambia ni maji ya kuogea. Wa nyuma yetu wakatunyamazisha, nami nikaendelea kujicheka kimoyomoyo kwa ufundi wangu.

Ndipo Riziki alipoanguka.

Hakuanguka kwa maringo. Mbao zililia. Muziki ukabaki uzi mmoja tu, na ukumbi ukanyamaza kabisa. Sasa mwanangu, wewe ni mtu wa huku, unajua. Mwanamke akianguka mbele za watu, kwanza hufunikwa, halafu ndio huulizwa ana nini. Bibi hakuuliza. Nilinyoosha mkono kulidaka buibui lake nikakamata upepo. Alipanda ngazi tatu za jukwaa kama msichana, akaikunjua leso ya maua mekundu, akamfunika mjukuu wake tangu mabegani mpaka miguuni.

Pembeni ya pazia nilimwona Mwalimu Nekesa ameshika kichwa. Nikapiga hesabu ya hasara. Riziki ataaibika, Bibi hatarudi tena mahali hapa, na Jumamosi zote zitakuwa zimekwisha kwa sababu ya biriani yangu.

Tulikuwa tumeketi safu ya pili, kwa hiyo sauti iliyotoka chini ya leso niliisikia.

"Bibi, nishakufa. Usiniamshe, muziki haujesha."

Bibi hakurudi kitini. Alikunja miguu akaketi palepale kando ya Riziki, kichwa ameinamisha, vile mtu anavyokaa na maiti wake. Wachezaji wengine wakaingia wakiwa ndio mvua, vidole vinadondoka hewani, wakawazunguka wote wawili kana kwamba ndivyo walivyofundishwa. Leso ikaanza kutikisika. Riziki akainuka nayo mabegani, akampa Bibi mkono, akamnyanyua.

Wanawake wa nyuma walipiga vigelegele. Waliokuwa wakitunyamazisha nao wakapiga.

Nje, Mwalimu Nekesa alikuja mbio kuomba radhi, akakuta Bibi ameshamtangulia kuomba. Kisha Bibi akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Umenambia harusi, kumbe msiba. Maiti nimemfunika leso ya maua. Nilikuomba mato yako, mwanangu, wewe ukanipa mdomo wako."

Nikaikunja ile karatasi, nikatangulia kutafuta tuktuk.

Ndani ya tuktuk Riziki aliogopa kuuliza kama ataendelea. Tulipopita Frere Town, Bibi aliuchukua mguu wa Riziki, akauweka mapajani, akavibonyeza vidole kimoja kimoja mpaka cha mwisho.

"Vizima," akasema. "Jumamosi usichelewe."

Basi mwanangu, utakapokwenda, fika mapema na uisome karatasi kabla taa hazijapunguzwa. Simu izime, isiwe ya kutetemeka tu, maana kule hata kutetemeka kunasikika. Usingoje maneno, tazama mikono. Usimwite unayemjua kwa jina, ana kazi. Akianguka, mwache, labda amekufa na anajua anachokifanya. Usipoelewa, kaa hivyohivyo bila kuelewa, utaguswa tu. Makofi na vigelegele vyako viweke mpaka muziki uishe, uvitoe vyote. Na ukikaa na mtu aliyekuomba umsomee, msomee kilichoandikwa. Utani haukimbii, mtaufanya mkitoka.

Mola akupe kiti cha mbele, na jirani asiyetafuna njugu. Na siku utakapoanguka mbele za watu, kwa mchezo au kwa kweli, akujaalie mtu atakayekufunika kabla hajauliza una nini.