Amri Inayokumbuka Upana wa Mlango

Siku niliyomwambia meneja wangu aende amnyonyeshe mtoto wangu yeye mwenyewe, ofisi nzima ilisikia, na ofisi nzima ni watu watatu: yeye, mimi, na mwenzangu ninayechora naye. Blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa mbele, pande zote mbili. Saa sita ilikuwa inakaribia na karatasi zangu zote za kuchora asubuhi hiyo nilikuwa nimezimaliza. Meneja akaniwekea nyingine mezani, ramani ya bweni la shule, akanipigapiga begani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mama, wewe sasa iko mashine."

"Basi panda boda uende kwangu Hai Malakal ukamnyonyeshe wewe," nikamwambia. "Matiti si unayo? Naona hata yanazidi yangu."

Ni mwanamume, lakini ni kweli anayo. Kwa hilo siombi msamaha.

Nirudi nyuma kidogo ndipo hasira yangu ieleweke. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Chuo kikuu sikukanyaga. Nilimaliza kidato cha nne Kitale, nikafanya kozi fupi ya kuchora kwa kompyuta, nikarudi Juba na cheti kimoja na kiburi kingi. Ofisi yetu iko Hai Mauna, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, kwa hiyo kichwa kinaanza kugonga hata kabla ya chai. Niliporudi kazini baada ya kujifungua, tulikubaliana na meneja kwa mdomo: nikimaliza karatasi mbili kabla ya saa sita, naenda nyumbani kunyonyesha, narudi saa nane.

Mtoto wangu hataki chupa. Tumejaribu za duka la Wasomali, tumejaribu za kuletwa kutoka Kampala, zote anazitema kama mzee aliyepewa chai isiyo na sukari. Nisipofika, wifi yangu anayekaa naye anampa maji ya sukari, na mimi maziwa yanaanza kunikauka. Hilo ndilo nililokuwa napigania. Mengine yote ni kalam fadi, maneno matupu.

Tatizo lilikuwa milango. Kwenye programu yetu ya kuchorea kulikuwa na amri ya kuchora mlango ukutani, mtu fulani aliitoa mtandaoni zamani akaiacha hapo. Ukiiita inauliza: upana wa mlango? Unene wa ukuta? Umbali kutoka kona? Unajibu kwa milimita, mia tisa, mia mbili, mia moja, mlango unatokea. Ukitaka mlango wa pili, inauliza yote upya, kama askari wa kizuizi cha barabarani ambaye umempita asubuhi hiyo hiyo na bado anataka kuona kitambulisho. Sasa chora kliniki. Chora shule. Nilikuwa nafika nyumbani saa saba na zaidi, mtoto amelia mpaka sauti imemwisha.

Nikaifungua amri hiyo nione ina nini tumboni. Ni maandishi tu, yamejaa mabano mpaka macho yanauma. Nilijifunza kuyasoma nikinyonyesha, mtoto mkono huu, simu mkono ule. Nilichotaka kilikuwa kidogo: jibu nililotoa mara ya mwisho liwekwe mahali, na amri ikiuliza tena ilionyeshe pembeni ya swali, mimi nibonyeze Enta kama nakubali. Siku iliponiuliza upana wa mlango na yenyewe ikajijibu mia tisa, nilicheka kwa sauti, mwenzangu akadhani nimepata ujumbe wa mapenzi.

Kisha jenereta ikazimwa ipumzike, kama kawaida yake, na stima iliporudi amri ilikuwa imesahau kila kitu. Kumbe majibu yalikuwa yanaishi tu wakati programu iko wazi. Ukiifunga, khalas. Nikaongeza mistari michache ili kila jibu liandikwe kwenye faili dogo ndani ya kompyuta, na amri ikiamka ianze kwa kulisoma. Sasa jenereta ife izikwe, mia tisa yangu ipo.

Sikusema ilikuwa kamilifu. Kuna asubuhi nilichora geti la ghala, geti la kupita lori, upana mita nne, halafu nikahamia kwenye vyoo vya ghala hilo hilo nikibonyeza Enta, Enta, Enta, kwa raha zangu. Meneja alichapisha karatasi, akaitazama, akavua miwani.

"Hapa nani iko ingia choo na lori?"

"Labda tumbo limemshika vibaya, bosi," mwenzangu akasema.

Malesh, nikasema, makosa yangu. Nikatenganisha: geti na kumbukumbu yake, mlango na yake. Na nikajifunza kusoma kilichoandikwa kabla ya kubonyeza.

Baada ya hapo nikaanza kutoka ofisini saa sita kamili. Mtoto akisikia boda nje anaanza kupiga miguu, wifi anamtupa mikononi mwangu kama mzigo wa moto. Nilidhani nimeshinda.

Meneja naye aliona. Hakuuliza nimefanyaje, aliongeza karatasi ya tatu. Nikazipa kumbukumbu amri za madirisha. Akaongeza ya nne. Nikahamia kwenye ngazi. Kila dakika niliyoipata kwa vidole vyangu aliichukua akaiita maendeleo ya ofisi. Na mwenzangu, ambaye nilimwekea amri zile zile kwenye kompyuta yake kwa roho safi, alibaki na karatasi zake mbili. Dakika zake alikuwa anazinywa kwa mama wa chai pale nje, na tangawizi.

"We, mbona wewe hujaongezewa?" nikamuuliza.

"Sista, mimi bosi akipita nachora polepole. Wewe unachora ni kama unakimbizwa. Lazima akuongezee."

"Mimi nina mtoto."

"Hata mimi niko nao watatu."

"Na wanakunyonya?"

Akarudi kwenye chai yake.

Basi siku hiyo ya bweni, nilipomtajia matiti yake, meneja alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Kama mtoto iko shida, kaa nyumbani na mtoto. Mimi hapana lazimisha mtu."

"Tulikubaliana karatasi mbili."

"Hiyo ilikuwa zamani. Zamani wewe ilikuwa polepole."

"Na nani aliyeniharakisha? Ni mimi! Nilifanya kwa ajili ya mtoto wangu, sio kwa ajili ya bweni lako."

Nikachukua mkoba nikaondoka. Nilirudi saa nane kama tulivyopatana, nikakuta bweni bado liko mezani, na meneja akanionya: nikitoka tena kabla ya kumaliza nilichopewa, nisirudi.

Nilifikiria kuzifuta amri zote. Ilikuwa kazi ya dakika. Lakini wa kwanza kurudi kuandika mia tisa, mia tisa, angekuwa mimi. Nikaandika malalamiko kwa mwenye kampuni, mama mmoja anayekuja kila Ijumaa kukagua kazi. Niliandika kwa Kiingereza, maana Juba barua ya lugha nyingine inaishia kufungia mandazi. Mwenzangu aliisoma akabadilika uso.

"Sista, nitoe mimi humo. Na utoe maziwa. Andika 'mambo ya kifamilia.'"

Yeye nilimtoa. Maziwa niliyaacha. Kesho yake, Ijumaa, nikampa mwenye kampuni barua mkononi, akasaini nakala yangu kwamba ameipokea. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Mheshimiwa Mkurugenzi. Yahusu: muda wangu wa kunyonyesha. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, meneja alikubali niende nyumbani saa sita nikimaliza karatasi mbili. Nilitengeneza amri zinazokumbuka vipimo ili nimalize mapema. Kila nilipomaliza mapema aliniongezea karatasi, na jana alisema nikienda nisirudi. Kuzitengeneza amri hizo nilijifunza nyumbani kwa simu yangu. Ofisi iendelee kuzitumia, sidai chochote kwa hizo. Ninachodai ni muda. Naomba kwa maandishi niwe naondoka saa sita na kurudi saa nane, karatasi ziwe moja au ziwe kumi, mpaka mtoto atakapoacha maziwa. Niliondoka jana nikiwa nimelowa mbele ya wanaume wawili na sitaki kurudia. Wakati nasubiri jibu lako nitaendelea kutoka saa sita. Leo pia nitatoka."