Mkao wa Mlinzi

Mlinzi wa jengo letu hapa Muraqqabat, mtaa wa mji wa Uarabuni, husimama mlangoni saa kumi na mbili kwa siku, magoti kayalegeza kidogo, viganja tumboni, pumzi ndefu za polepole. Kila Jumapili asubuhi mwalimu wa Kizanzibari aliyesomea China hutufundisha wapangaji, palepale ukumbini, kusimama vivyo hivyo kwa dakika kumi. Ni chigong, anasema, mazoezi ya Wachina wa kale: hutuliza moyo, huimarisha miguu. Sisi hutetemeka na kuomba maji.

Jumapili iliyopita mwalimu alimtazama mlinzi kwa wivu kidogo. "Mkao huu mimi umenichukua miaka. Wewe kakufundisha nani?"

"Supavaiza, sir," alijibu mlinzi, Mganda yule, bila kugeuza shingo. "Aliondoa kiti."

Tukampigia makofi, kisha tukaketi kupumzika.