Dakika ya Mama Milembe

Nilijiandikisha katika mashindano ya siku tatu ya madereva wa ridhaa ili nisinyang'anywe gari. Lilikuwa la marehemu mume wangu, dogo na la zamani, na tangu afariki lilikuwa limekaa uani chini ya turubai. "Shemeji, umelifanya banda la kuku," aliniambia Maduhu, kaka wa marehemu. Tukakubaliana mbele ya ukoo: nikimaliza siku zote tatu, linabaki kwangu, likirudi kwa kuvutwa, analichukua yeye.

Asubuhi ya kuondoka kwetu Nyashimo, Maduhu alikuja kutuaga na kamba nene begani. "Nawasubiri nayo hapa hapa," alisema. Wifi yangu Kabula, mdogo wake, aliyekuwa msoma ramani wangu, alimjibu kupitia dirishani, "Itunze, utafungia mbuzi."

Bariadi, mashindano yalikoanzia, tulilala mapema. Waandaaji walitueleza kanuni, nami nairudia hapa kwa sababu kila kilichofuata kiliitegemea: barabarani mwenye kasi si mshindi. Kila gari hupangiwa dakika ya kufika katika kila kituo. Ukichelewa unatozwa alama. Ukiwahi unatozwa zaidi. Na kituo cha mwisho kikifungwa hujafika, hujamaliza.

Siku ya kwanza, saa tatu na dakika arobaini, tulifika Shishiyu katika dakika yetu barabara. Pande zote mbili za njia watu walikuwa wakichuma pamba. Kando ya ubao wa kituo, chini ya mwavuli, alikaa Mama Milembe, mama mnene mwenye miwani, aliyewahi kuwa karani wa mizani ya pamba. Kabula alimsukumia kadi ya muda.

"Andika, mama, haraka!"

Mama Milembe hakuipokea. "Mwangaluka," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Andika!"

"Mmeamkaje huko kwenu? Ninyi ni wa kwa nani?"

Kabula alijibu kama anayepigwa viboko. Akaulizwa habari za mama yake, za mvua, za ng'ombe. Mwishowe kadi ikapokelewa, ikaandikwa, ikarudi. Kabula aliitia mfukoni bila kuitazama. "Dakika mbili nzima, wifi! Ametumaliza huyu. Kanyaga!"

Nilikanyaga. Nikitafuta dakika hizo mbili niliingia shimoni kwa kishindo kabla ya Maswa mjini, na kituo cha Maswa tulikifikia kabla ya wakati wetu. Tukatozwa kwa kuwahi. Jioni, tuliporudi Bariadi, tuligundua kuwa rejeta inavuja. Kabula ndipo alipoitoa kadi, akainyoosha juu ya boneti. Mstari wa Shishiyu ulisomeka: saa tatu, dakika arobaini. Hakukuwa na dakika iliyopotea.

"Sasa tulikuwa tunakimbilia nini?" aliuliza.

Nilisugua sabuni ya kipande mahali palipovuja, kama mume wangu alivyokuwa akifanya.

Siku ya pili ilikuwa ya uwanjani, nje kidogo ya Bariadi, katika njia ya mduara iliyochorwa kwa chokaa na kuzungushiwa matairi. Huko ndiko kasi ilikohesabiwa. Vijana walitupita wakipiga honi, na mmoja alipaza sauti, "Mama, sokoni ni kule!" Nilizunguka taratibu huku jicho langu likiwa kwenye kipimo cha joto. Tulishika mkia, lakini gari lilitoka uwanjani kwa miguu yake.

Siku ya tatu tulielekea nyumbani tukiwa na madumu manne ya maji. Tulisimama mara tatu kuongeza maji; mara ya mwisho ilikuwa Mkula, ambako mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mpunga alitujazia dumu kutoka ndoo yake na kukataa kusikia neno la haraka mpaka tumesalimiana. Safari hii Kabula hakutazama saa.

Kituo cha Nyashimo kilikuwa kinafungwa saa tisa kamili. Tuliupita ubao dakika moja kabla, mvuke ukitoka chini ya boneti. Mama Milembe alikuwa amehamishiwa hapo na mwavuli wake, na nyuma yake alisimama Maduhu, kamba begani, macho kwenye saa.

Nilizima gari, nikashuka, nikapiga goti na kumwamkia mama kwa salamu ya mchana. "Mwadila, mayu."

"Mwadila. Za Bariadi?"

Nilimweleza za Bariadi, za rejeta, za mama wa Mkula. Maduhu akashindwa kuvumilia. "Saa tisa imepita! Hawajaandikiwa!"

Mama Milembe aligeuka polepole. "Baba, mimi mzigo ukishatua kwenye mizani nasoma kwanza, ndipo naongea." Akatoa kipande cha karatasi chini ya paja: saa nane, dakika hamsini na tisa. Akainakili kwenye kadi.

Miaka yote ya ualimu wangu nimewafundisha wanafunzi kuutunza muda, nami niliamini kwamba salamu huula. Kumbe ulikuwa umeshahifadhiwa, nami ndiye niliyeharibu rejeta kwa kuufukuza.

Maduhu alilizunguka gari mara mbili, akachungulia chini, akaivua kamba begani na kuiweka juu ya kiti cha nyuma. Kisha akasimama mbele yangu.

"Mwadila, shemeji," alisema. "Habari za safari?"

Nilimpa zote, tangu Shishiyu.